Risasi Nyepesi Iliyokataliwa

Kaaga ni mahali palipoinuka, karibu na mji wa Meru, upande wa msitu wa Imenti. Hapo Wamisionari wa Kimethodisti walianza kazi yao katika nchi ya Wameru mwaka 1912, na hapo ndipo wengi wa Wameru wa kwanza walipojifunza kusoma na kuandika. Siku ambayo mawingu hayakufunga, mtu wa pande hizo aweza kuuona Mlima Kenya upande mmoja na milima ya Nyambene upande wa pili. Lakini akiingia msituni hatua mia moja tu, haoni tena mlima wowote. Huona mashina ya miuru, majani, kivuli, na njia ya tembo inayopinda na kupotea.

Jambo hilo la kuona mbali na kutoona mbali ndilo mwanzo wa habari hii, ambayo ni habari ya risasi.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Serikali ya Kenya ilitangaza Hali ya Hatari, na katika miaka iliyofuata misitu ya Mlima Kenya na ya Aberdare ikawa uwanja wa vita. Askari wa King's African Rifles, ambao raia waliwaita Keya, pamoja na vikosi vilivyoletwa kutoka Uingereza, walipanda kuwatafuta wapiganaji wa Mau Mau. Wengi wao walishika bunduki ya Lee-Enfield, ile ya risasi 303. Bunduki ya namba 4, iliyokuwa ya kawaida katika jeshi la Uingereza wakati huo, ilikuwa na kipimo cha kulengea kilichochorwa alama kuanzia yadi 200 hadi yadi 1,300. Basi askari aliyekuwa ndani ya mianzi, ambamo mtu aliye umbali wa yadi 30 haonekani, alichukua chombo kilichofanywa kwa ajili ya kupiga shabaha ng'ambo ya uwanda. Uzito wa chombo hicho ulikuwa ule ule, uwanda uwepo au usiwepo.

Wataalamu wa silaha huko Uingereza walikuwa wamekwisha kuliona jambo hilo. Walikuwa wametengeneza risasi nyingine, fupi na nyepesi, wakaijaribu, wakaipenda, na Serikali yao ikaikubali. Hata hivyo risasi hiyo haikufika Meru, wala haikufika mahali pengi popote. Ilishindwa, na haikushindwa na risasi iliyo bora kuliko yenyewe katika kazi iliyokusudiwa. Ilishindwa mezani.

Ili kuelewa shindano hilo, yafaa kwanza kutazama risasi nzima jinsi ilivyo. Ina sehemu nne. Kwanza kuna ganda la shaba ya manjano, ambalo ni kama chupa ndogo. Ndani yake mna baruti. Chini, katikati ya kitako cha ganda, pana fataki, ambayo ikigongwa na pini ya bunduki hutoa cheche. Na juu, katika shingo ya chupa, pamebanwa kichwa, yaani kile kipande kinachoruka. Maneno kama 303 ni kipimo cha kasiba ya bunduki: sehemu 303 za inchi iliyogawanywa mara elfu. Wengine hupima kwa milimita. Hivyo 7.62 na 303 ni karibu upana mmoja, ingawa risasi zenyewe haziwezi kubadilishana bunduki.

Kila sehemu hudai jambo lake. Ukitaka kichwa kiruke mbali bila kushuka sana, yakupasa kuongeza baruti. Ukiongeza baruti, ganda lazima liwe kubwa zaidi, bunduki nayo iwe nzito na yenye nguvu. Tena bunduki hupiga teke begani kwa mfyatuaji, na teke likizidi, askari mwanagenzi hufumba macho kabla ya kufyatua na shabaha yote hupotea. Na jambo la mwisho, ambalo wakubwa maofisini hulisahau upesi, ni kwamba risasi zote hizo hubebwa na mtu.

Watu wa Afrika ya Mashariki hawahitaji kufundishwa somo hilo la mwisho. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 risasi za majeshi ya Uingereza zilisafiri kwa vichwa vya watu. Wapagazi wa Carrier Corps walichukuliwa kutoka kila upande wa nchi, Wameru wakiwamo, na makumi ya maelfu hawakurudi makwao. Wengi waliuawa na maradhi, njaa na uchovu kuliko waliouawa na adui. Jina la kikosi chao limebaki katika mitaa ya Kariakoo ya Nairobi na ya Dar es Salaam. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa ratili 50 hivi. Risasi moja ya 303 ina uzito wa gramu 25 hivi, kwa hiyo hata bila kuhesabu sanduku, mzigo wa mtu mmoja haukufika risasi elfu moja, na bombom moja iliweza kuzimaliza zote katika dakika chache. Kama risasi ingekuwa nyepesi kwa sehemu moja katika tano, basi katika kila wapagazi watano wa risasi mmoja angebaki shambani kwake akipanda viazi vikuu. Huo ndio uzito wa gramu tano.

Vita hivyo vilionyesha jambo jingine pia. Askari wengi wa Kijerumani katika Tanganyika ya leo walianza vita wakiwa na bunduki za mtindo wa 1871, zenye risasi nene ya milimita 11 na baruti nyeusi. Kila bunduki ilipolia, wingu la moshi mweupe lilimwonyesha adui mahali alipolala mfyatuaji. Baada ya mapigano ya Tanga mwezi wa Novemba 1914, Jemadari von Lettow-Vorbeck aliwanyang'anya Waingereza walioshindwa bunduki 455 za kisasa, bombom 16 na risasi 600,000, akafurahi kama mkulima aliyepata mvua. Tangu siku hiyo mwenendo wa vita vyake ulifuata risasi. Mwezi wa Novemba 1917 alivuka mto Ruvuma, akaishambulia kambi ya Wareno huko Ngomano hasa kwa sababu risasi zilikuwa zimemwishia. Alipoweka silaha chini mwaka 1918 huko Abercorn, ambayo sasa ni Mbala katika Zambia, bunduki za askari wake zilikuwa karibu zote za Kiingereza na za Kireno. Bunduki bila risasi ni gongo, naye alilijua hilo kuliko wengi.

Risasi ya 303 yenyewe ilizaliwa mwaka 1888. Mwanzo ilitiwa baruti nyeusi, kisha baada ya miaka michache ikatiwa baruti isiyo na moshi mwingi. Mwaka 1910 ilipewa kichwa chenye ncha kali, gramu 11 na kidogo, kinachotoka mtutuni kwa mwendo wa futi 2,440 kwa nukta moja. Ilikuwa risasi njema, walakini ganda lake lina ukingo uliojitokeza nje ya kitako. Kwa sababu hiyo kila askari wa Keya alifundishwa kupanga risasi zake kwa uangalifu, ukingo wa risasi ya juu ukae mbele ya ukingo wa ile ya chini. Akikosea, bunduki hukwama wakati mbaya kabisa. Waingereza walikwisha kutaka kuiacha kabla ya 1914. Walijaribu risasi mpya ya 276, yenye mwendo mkali mno, lakini iliunguza kasiba, ikatoa kishindo na mwanga wa kutisha, na vita vilipoanza majaribio yakaachwa.

Waamerika nao walikuwa na majaribio yao, na hayo yana kichekesho chake. Mwaka 1928 jeshi lao lilitaka kujua ni risasi ipi iumizayo zaidi: ile kubwa ya 30, ile ya kati ya 276, au ile ndogo ya 256. Wakaleta nguruwe, wakawatia dawa ya usingizi, wakawapiga risasi kwa masafa mbalimbali, na madaktari wakapima majeraha. Baadaye walifanya vivyo hivyo kwa mbuzi. Mfugaji wa Meru aweza kusikitika kwa mbuzi waliopotea bure, maana matokeo hayakufuatwa. Ile risasi ndogo kabisa ndiyo iliyofanya majeraha mabaya zaidi katika masafa ya kawaida ya vita. Wataalamu wakapendekeza 276, na bunduki mpya ikatengenezwa kwa kipimo hicho. Lakini mwaka 1932 Jemadari MacArthur, mkuu wa jeshi, akakataa. Alisema maghala yamejaa risasi za 30 na mashine za kuzifanya zipo. Kubadili ni gharama na fujo. Kwa kweli si sababu ya kipumbavu. Hata hivyo si sababu ya nguruwe wala ya mbuzi.

Risasi tatu mezani

Vita vya pili vya dunia vilipokwisha mwaka 1945, Uingereza iliunda jopo la wataalamu kutafuta kipimo bora cha risasi ya askari wa miguu. Hawakuanza na risasi. Walianza na askari. Waliuliza hupiga risasi kutoka umbali gani kwa kweli, wala si kutoka umbali gani kwa sifa. Jibu lilikuwa kwamba mapigano mengi ya askari wa miguu hutokea katika yadi mia chache tu. Wajerumani walikuwa wamefika kwenye jibu hilo hilo wakati wa vita, wakatengeneza risasi iliyofupishwa. Warusi nao walitengeneza yao fupi mwaka 1943, ndiyo hiyo iliyokuja kulishwa bunduki ya Kalashnikov na kuenea duniani pote.

Risasi ambayo Waingereza waliipata ilikuwa ya milimita 7, nao waliiita 280. Ganda lake lilikuwa na urefu wa milimita 43, na la 303 lilikuwa milimita 56. Kichwa kilikuwa gramu 9, mwendo wake futi karibu 2,500 kwa nukta, na risasi nzima ilikuwa gramu 20 hivi. Haikuwa na ukingo wa kukwama. Bunduki iliyotengenezwa kwa ajili yake, iliyoitwa EM-2, ilikuwa ya ajabu kwa macho ya wakati ule, kwani magazini yake ya risasi 20 ilikaa nyuma ya kidude cha kufyatulia, karibu na bega. Kwa hiyo bunduki ilikuwa fupi, walakini kasiba yake haikukatwa. Mtu anayepita chini ya miti yenye miiba aweza kuona mara moja faida yake.

Waamerika hawakutaka. Wao walikuwa na risasi yao mpya, ambayo hatimaye iliitwa 7.62. Ganda lake lilikuwa milimita 51, fupi kidogo kuliko lile la zamani lao la milimita 63, lakini nguvu walitaka ibaki karibu ile ile. Kichwa chake kilikuwa gramu tisa na nusu, mwendo futi karibu 2,750 kwa nukta, na risasi nzima ilikaribia gramu 25 za 303. Mkuu wao wa utafiti wa silaha ndogo, Kanali Studler, hakuwa tayari kushuka chini ya kipimo cha 30.

Mwaka 1950 risasi hizo zilishindanishwa Amerika, katika kambi ya Fort Benning na katika kiwanja cha Aberdeen. Waingereza walileta EM-2. Wabelgiji wa kiwanda cha FN walileta bunduki ya fundi wao Dieudonné Saive, nayo ikila risasi ile ile ya 280. Waamerika walileta bunduki zao za 30. Ilionekana wazi kwamba 280 haipigi teke kali, na kwamba mtu aweza kufyatua mara nyingi bila kupoteza shabaha. Lakini Waamerika walisema kwamba njia yake angani imepinda mno, kama ya jiwe lililorushwa na mtoto, na nguvu yake haitoshi mbali. Ni kweli, risasi ya 280 ilikuwa na kama sehemu nne tu katika tano za nguvu ya 7.62 inapotoka mtutuni. Ubishi ulikuwa juu ya swali jingine: je, ile sehemu ya tano ina kazi gani? Mwenye kupigana jangwani angeweza kutoa jibu moja, na mwenye kupigana msituni angetoa jibu lingine.

Tarehe 25 Aprili 1951 Serikali ya chama cha Labour iliamua kutokungoja. Bwana Shinwell, Waziri wa Ulinzi, alitangaza kwamba Uingereza imeichagua EM-2 na risasi yake ya milimita 7. Ilipewa hata jina rasmi la jeshi, bunduki namba 9. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule ulifanywa uchaguzi, na Bwana Churchill akarudi madarakani. Yeye aliona hatari kubwa kuliko teke la bunduki. Nchi za Mapatano ya Atlantiki ya Kaskazini zilikuwa zimeungana tangu 1949 kwa kuogopa Urusi, na kama kila moja ingekuja vitani na risasi yake, nani angemgawia mwenzake? Mwezi wa Januari 1952 alikutana na Rais Truman huko Washington, na EM-2 ikawekwa kando. Mafundi walijaribu kuiokoa milimita 7 kwa kuirefusha ganda na kuizidishia baruti, mara hivi, mara vile, wakitafuta kuwaridhisha Waamerika. Kila walipoiongezea nguvu waliipunguzia wepesi, ambao ndio ulikuwa sababu ya kuzaliwa kwake. Moja ya risasi hizo za suluhu ilinunuliwa na Venezuela pamoja na bunduki za Kibelgiji, na huo ndio ukawa mwisho wake wa heshima.

Mwishoni mwa 1953 nchi za mapatano zilikubali 7.62. Mwezi wa Januari 1954 Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba itaichukua bunduki ya FN, iliyobadilishwa ili ile risasi hiyo, na tarehe 1 Februari Bwana Churchill aliitetea kazi hiyo mbele ya Bunge lililokasirika. Hoja yake haikuwa kwamba 7.62 ni bora kwa askari. Hoja ilikuwa kwamba marafiki wale chungu kimoja.

Bunduki mpya msituni

Kabla ya kuwapa askari wote, Waingereza waliagiza bunduki 5,000 za FN kwa majaribio ya vikosi. Mtindo mmojawapo uliitwa X8E1, na baadhi yake zilipelekwa mahali ambapo askari walikuwa wakipigana kweli, yaani Malaya na Kenya. Hivyo ndivyo risasi iliyochaguliwa Washington ilivyofika katika misitu ya Kenya, ikiwa bado ya kujaribiwa.

Ilikuwa bunduki imara, wala haina haja ya kusifiwa. Nchi nyingi ziliipokea baadaye. Ilifyatua bila kuvuta komeo kila mara, na magazini yake ilichukua risasi 20, mara mbili ya Lee-Enfield. Lakini ilikuwa ndefu zaidi ya futi tatu na nusu, nayo ilikuwa na uzito wa zaidi ya ratili tisa, na risasi zake zilikuwa nzito karibu kama zile za 303. Tena afyatuaye upesi humaliza upesi. Askari aliyezoea kubeba mkanda wa kitambaa wenye risasi 50, uzito wa kilo moja na robo, sasa alihitaji zaidi ya hizo kwa siku ile ile. Kilomita ya pili ya uwezo wa risasi hiyo iliishia katika shina la muuru.

Upande wa pili wa msitu ule ule, hesabu ya risasi ilikuwa nyingine kabisa. Wapiganaji wa Mau Mau hawakuwa na kiwanda, wala meli, wala ghala. Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China na aliyeongoza wapiganaji wa Mlima Kenya hadi alipokamatwa Januari 1954, alikuwa amepata kutumika katika Keya na kupigana Burma. Aliijua 303 kama mkulima ajuavyo jembe lake. Bunduki nyingi za wafuasi wake zilikuwa za kuundwa msituni kwa vipande vya chuma, na hatari yake ilikuwa kwa mwenye kuzifyatua kama kwa mwenye kupigwa. Mafundi hao hawakuchagua risasi iliyo bora. Walitumia ile waliyoweza kuiiba au kuinunua kwa siri, nayo ilikuwa ile ya Serikali. Kwa hiyo risasi moja moja zilihesabiwa kama fedha. Sheria ya Hali ya Hatari nayo ilizihesabu, kwani mtu aliweza kunyongwa kwa kupatikana na risasi hata kama hana bunduki. Dedan Kimathi alipokamatwa Oktoba 1956, mashtaka yaliyomletea hukumu ya kifo yalikuwa kupatikana na bastola moja na risasi sita.

Kadhalika, lipo jambo ambalo halikupimwa na jopo lolote. Mwezi wa Juni 1953, huko Chuka, kusini mwa nchi ya Meru, askari wa kikosi cha 5 cha Keya waliwaua watu wapatao ishirini ambao hawakuwa wapiganaji. Baadhi yao walikuwa Walinzi wa Nyumbani, watu wa upande wa Serikali yenyewe. Nahodha mmoja alishtakiwa katika mahakama ya jeshi, akaachiliwa mara ya kwanza mwezi wa Novemba, kisha akashtakiwa tena na kufungwa mwaka 1954. Katika majedwali ya mwendo na uzito hakuna mstari wa nani anayesimama mbele ya mtutu. Meru wanaujua mstari huo bila kuandikiwa.

Waamerika wenyewe hawakudumu na risasi waliyowashurutisha wenzao kuichukua. Mwaka 1957 waliichagua bunduki yao ya M14 kuila 7.62, wakaikataa ile ya Wabelgiji, na Waingereza wengi waliona wametendewa vibaya, kwani walidhani kukubali risasi kungeleta kukubaliwa kwa bunduki. Haikupita miaka kumi, M14 ilikuwa imeshindwa kazi katika misitu ya Vietnam. Ilikuwa ndefu na nzito, na ikifyatuliwa mfululizo ilimtupa mtu nyuma. Mahali pake wakaweka M16 yenye risasi ya 5.56, ambayo uzito wake ni gramu 12 tu, nusu ya 7.62. Hivyo wale waliosema kwamba milimita 7 ni ndogo mno walishuka chini yake kwa hatua kubwa.

Waingereza wakajaribu mara nyingine. Mwaka 1976 walileta risasi ya milimita 4.85 katika bunduki fupi yenye magazini nyuma, mjukuu wa EM-2. Nchi za mapatano zikafanya majaribio, na mwaka 1980 zikachagua 5.56 kwa mtindo wa Kibelgiji. Safari hii hawakugomba sana. Waliibadilisha bunduki yao ili ile risasi ya wenzao, wakaanza kuitumia mwaka 1985.

Katika Kenya 303 haikuisha na ukoloni. Baada ya Uhuru, tarehe 12 Desemba 1963, Jeshi la Kenya lilikuja kutumia bunduki za 7.62, kwanza za asili ya FN na baadaye G3 ya asili ya Kijerumani. Lee-Enfield zikabaki kwa polisi wa akiba na kwa askari wa wanyama. Matokeo yake yalionekana wazi katika Hifadhi ya Meru, mwendo wa saa chache tu kutoka Kaaga. Katika miaka ya 1980 majangili waliingia huko na Kalashnikov, wakiwa na magazini za risasi 30 fupi, wakakutana na walinzi wenye bunduki za kuvuta komeo baada ya kila risasi. Bunduki ya mlinzi ilipiga mbali zaidi na kwa nguvu zaidi. Vichakani umbali huo haukuwapo. Mwaka 1988 faru weupe wa hifadhi hiyo, waliokuwa wakichungwa na walinzi mchana na usiku, waliuawa na majangili. Tangu mwaka uliofuata Serikali ilianza kuwapa walinzi silaha nyingine.

Mwaka 1997 Kenya iliunda shirika lake la kuendesha kiwanda cha risasi huko Eldoret. Miongoni mwa risasi zinazotoka huko imo 7.62, ile ile yenye ganda la milimita 51 iliyogombewa katika Bunge la London mwaka 1954.

Nayo milimita 7? Mwezi wa Aprili 2022 jeshi la Marekani lilichagua risasi mpya kwa askari wake wa miguu, baada ya majaribio ya miaka kadhaa. Kipimo chake ni milimita 6.8, karibu upana ule ule wa risasi ya Waingereza iliyokataliwa. Lakini ganda lake lina urefu wa milimita 51, nguvu yake yapita ile ya 7.62, na bunduki yake huchukua magazini ya risasi 20, kama X8E1 ya mwaka 1954. Askari wao wamekwisha kuanza kulalamika juu ya uzito.